Nani amemwimba Leonard Cohen vizuri zaidi? Albamu nne za kumuenzi, na ipi uanze nayo

Binamu yangu ana ugonjwa mmoja: akiupenda wimbo, hatulii mpaka amjue aliyeutunga. Ndivyo alivyofika kwa Leonard Cohen. Aliusikia 'Hallelujah' harusini, ukiimbwa na kwaya ambayo nina hakika haikujishughulisha na beti za kati zinasema nini. Akautafuta, akamsikiliza mwenyewe, akanipigia simu. "Kaka, huyu mzee anaimba au anasoma risala?" Halafu akaja na swali ambalo ndilo lililonikalisha kuandika: kwa kuwa zipo albamu ambamo wengine wanamwimba kwa kumuenzi, aanze na ipi?

Kwanza nimtetee mzee. Hiyo sauti yake alishaitania mwenyewe kabla yetu. Katika 'Tower of Song', uliotoka 1988, anajisifu kwamba amezaliwa na karama ya sauti ya dhahabu, na kila alipoufikia mstari huo jukwaani watu walicheka na kushangilia. Alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1934, na alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwimbaji. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1956, santuri ya kwanza ikaja mwisho wa 1967, akiwa na miaka 33. Na mwaka mmoja kabla ya santuri hiyo, Judy Collins alikwisha kurekodi 'Suzanne'. Yaani nyimbo za Cohen zilianza safari yake midomoni mwa wengine. Mpenzi wa taarab hawezi kulishangaa hilo. Kwetu anayetunga shairi ni mmoja, anayelitia sauti ni mwingine, na hakuna anayemdai mshairi apande jukwaani.

Basi kuna albamu nne ninazozipendekeza, na zimepishana miaka 36 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

Ya kwanza ni 'Famous Blue Raincoat' ya Jennifer Warnes, ya 1986. Nyimbo tisa, mwimbaji mmoja. Warnes hakuwa mgeni aliyebisha hodi: alikuwa mwitikiaji katika ziara za Cohen za 1972 na 1979. Ya pili, 'I'm Your Fan' ya 1991, ilibuniwa Ufaransa na Christian Fevret wa jarida la Les Inrockuptibles. Ina nyimbo 18, nyingi zikiwa za bendi za roki za vijana wa wakati ule: R.E.M., Pixies, James, The House of Love. Ya tatu, 'Tower of Song' ya 1995, ni ya majina makubwa: Elton John, Sting, Billy Joel, Bono, Willie Nelson, Peter Gabriel, nyimbo 13. Ya nne ni 'Here It Is' ya 2022, iliyotolewa na Blue Note, lebo ya jazi, na kutayarishwa na Larry Klein aliyekuwa rafiki wa Cohen. Nyimbo 12, na wakati huo mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma.

Ipo pia albamu iliyotokana na filamu ya 2005 kuhusu Cohen, ya nyimbo zilizoimbwa jukwaani. Naiacha kando kwa sababu filamu yenyewe ni tamu kuliko sauti zake zikiwa peke yake.

Kabla hujasikiliza hata noti moja, angalia nani kapika. Ya Warnes ni sufuria moja, mpishi mmoja. Za 1991 na 1995 ni mchango: kila mtu kaja na sahani yake kutoka kwake, na wewe mlaji unakutana na pilau, ndizi na tambi kwenye sinia moja. Ya 2022 iko katikati, na nadhani hapo Klein alitumia akili kweli. Waimbaji wanabadilika lakini wapigaji ni walewale: Bill Frisell kwenye gitaa, Immanuel Wilkins kwenye saksofoni, Kevin Hays kwenye piano, Scott Colley kwenye besi, Nate Smith kwenye dramu. Matokeo yake unaisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kushtuka. Ya 1991 itakushtua kila dakika nne, na kuna watu wanaoitaka hiyo.

Njia nzuri ya kuzipima ni kuchukua wimbo mmoja na kuufuata nyumba hadi nyumba.

Tuanze na 'Suzanne'. Ni wimbo wa Montreal, wa mto St. Lawrence, wa mwanamke anayekukaribisha chai na machungwa karibu na maji, na wa kanisa la mabaharia lililoko bandarini, lenye sanamu ya Bikira Maria inayotazama mto. Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kufafanuliwa mandhari hiyo. Cohen aliupoteza wimbo huu kwa saini: akiwa kijana alitia sahihi karatasi, haki zikaenda kwa mwingine, na kwa miaka mingi wimbo wake maarufu kuliko yote ukawa si wake kimapato. Wanamuziki wetu wa zama za santuri wanaijua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Katika 'I'm Your Fan' anayeuimba ni Geoffrey Oryema wa Uganda. Hapa naomba nikawie kidogo. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa waziri katika serikali ya Idi Amin, na aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi. Geoffrey, kijana wa miaka 24, alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari, kisha akaishia Ufaransa. Albamu yake ya kwanza, 'Exile', ilitoka 1990 chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel, na mtayarishaji alikuwa Brian Eno. Mwaka uliofuata ndipo Wafaransa walipompa 'Suzanne'. Kila aliyewahi kuuimba wimbo huu huuimba kama mtu anayekumbuka mapenzi. Oryema, kwa masikio yangu, anauimba kama mtu aliyefika kwenye mto wa watu wengine na kukuta anakaribishwa chai. Hana haraka, wala hatafuti kupendeza. Kati ya nyimbo zote zilizomo katika albamu hizi nne, hii ndiyo niliyoirudia mara nyingi zaidi, na sikatai kwamba ujirani unachangia.

Katika 'Tower of Song' wimbo huohuo uko kwa Peter Gabriel, bosi wa lebo iliyomtoa Oryema. Ni kazi safi, sauti yake yenye mkwaruzo inauvaa wimbo vizuri, ila studio inasikika mno. Kila kitu kimepangwa kama meza ya hoteli. Katika 'Here It Is' ni Gregory Porter, mwenye sauti pana na yenye joto, sauti ya mtu unayeweza kumwazima pesa. Porter anaifanya 'Suzanne' kuwa ya faraja. Ukitaka wimbo wa kusikiliza jioni baada ya foleni za Mwenge, huyo ndiye wako. Ukitaka wimbo unaokuacha ukitazama ukuta, rudi kwa Oryema.

Sasa 'Hallelujah', maana ndio ulioleta maneno.

Cohen aliuweka katika 'Various Positions', albamu ya 1984 ambayo kampuni yake, Columbia, ilikataa kuitoa Marekani. Kwa hiyo kufikia 1991 wimbo huu ulikuwa kama binti mzuri asiyetembelewa. John Cale, mwanamuziki wa Wales, alimsikia Cohen akiuimba jukwaani New York, akamwomba maneno, na Cohen akamtumia kurasa 15 kwa faksi. Cale akachambua, akachukua beti zenye utundu zaidi, zile za kitanda na kiti cha jikoni badala ya zile za dini, akakaa kwenye piano peke yake. Hakuna kwaya wala kinanda cha umeme kama kwenye rekodi ya mwenyewe. Huo ndio unaofunga 'I'm Your Fan'. Jeff Buckley aliusikia hapo, akaurekodi kwa gitaa katika albamu yake ya 1994, na kutoka kwa Buckley dunia nzima ikaupokea. Mwaka 2001 toleo la Cale likaingia katika filamu ya katuni ya Shrek. Mwaka 2008 Alexandra Burke, mshindi wa shindano la runinga, aliufikisha nambari moja ya Krismasi Uingereza. Mwaka uliofuata Cohen mwenyewe alisema ni wimbo mzuri lakini wanaouimba wamezidi. Kwaya ile ya harusini, bila kujua, ilikuwa inaimba kitu kilichopita kwenye mashine ya faksi kwenda kwa mtu mmoja wa Wales.

Ukitoka kwa Cale ukaenda kwa Bono katika albamu ya 1995, unaweza kudhani umebonyeza vibaya. Bono anaunong'ona kama anayesoma, chini kuna mdundo wa mashine, na kiitikio anakipanda kwa sauti nyembamba ya juu. Baadaye mwenyewe aliomba radhi kwa toleo hilo, na radhi ilipokelewa. Sarah McLachlan katika 'Here It Is' anauimba kwa usafi na adabu. Ni mzuri. Lakini kufikia 2022 kuuimba 'Hallelujah' kwa usafi na adabu ni kama kupika wali mweupe kwenye shughuli: hakuna atakayelalamika, na hakuna atakayeuliza nani kapika.

Kwa kipimo hiki kimoja 'I'm Your Fan' inazishinda zote. Si kwamba kila kilichomo ni kizuri, la hasha. Nick Cave na wenzake walipiga 'Tower of Song' kwa muda mrefu, wakiruka kutoka mtindo huu hadi ule, kisha rekodi ikakatwakatwa na kubandikwa. Mara ya kwanza utacheka, mara ya pili utaruka. Na wimbo huohuo umo mara mbili, kwani Robert Forster naye anao. R.E.M. wanaipiga 'First We Take Manhattan' kwa nguvu nyingi kuliko fikra. Jean-Louis Murat anaimba 'Avalanche' kwa Kifaransa, na kwa asiyejua Kifaransa wala Kiingereza hiyo ni haki sawa kwa wote. Lakini hawa walikuwa vijana wakimwimba mtu ambaye wenzao wengi walimwona wa zama za wazazi wao, na hawakuwa na cha kupoteza. Wakikosea, wanakosea kwa ujasiri.

Wakubwa wa 1995 walikuwa na cha kupoteza, na inasikika. Elton John anaigeuza 'I'm Your Man' kuwa shangwe, wakati wimbo wenyewe ni wa mtu anayebembeleza akiwa amepiga magoti. Billy Joel anamwimba Billy Joel. Kinachonichekesha ni kwamba albamu hii ya mastaa ilipotoka, anayeenziwa alikuwa juu ya Mount Baldy, California, katika makao ya watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha, akiamka usiku wa manane kutafakari na kumpikia mwalimu wake.

Nisiwaonee. Ndani ya albamu hiyo kuna mambo matatu ambayo hutayapata kwingine. Sting akiwa na The Chieftains, wazee wa muziki wa asili wa Ireland, wanaipeleka 'Sisters of Mercy' kijijini kwa filimbi na zumari za mfuko, na wimbo unakaa kama ulizaliwa huko. Suzanne Vega anaimba 'Story of Isaac', kisa cha mtoto anayepandishwa mlimani na baba yake kuchinjwa, kikisimuliwa na mtoto mwenyewe mwenye umri wa miaka tisa. Katika nyumba zetu, ambako wengine watasema ni Isaka na wengine ni Ismail, huu unaweza kuzua mazungumzo hadi kahawa ipoe. Vega anausimulia bila kupandisha sauti, na kwa hiyo unatisha. La tatu ni Tori Amos na 'Famous Blue Raincoat'.

Wimbo huo ni barua. Imeandikwa saa kumi usiku, mwisho wa Desemba, mwanamume akimwandikia mwanamume mwenzake aliyekuwa na uhusiano na mwanamke wake. Mwandishi anauliza hali, anasamehe nusu, anatia sahihi kwa jina lake, L. Cohen. Waimbaji watatu wameichukua. Warnes ameifanya jina la albamu yake, na saksofoni inaingia mapema kuonyesha ni usiku wa jiji. Amos ana piano na pumzi tu, na kila baada ya mstari anaacha nafasi kama mtu aliyenyanyua kalamu. Nathaniel Rateliff, 2022, ndiye mwanamume pekee kati ya watatu, na anaiimba barua kama ilivyoandikwa, kwa kawaida. Wenye Kiingereza husema wanawake wanapouimba maana hugeuka. Mimi, niliyezoea lugha ambayo 'alikuja' haikuambii kama ni bwana au bibi, sikuona kilichogeuka. Niliona tu kwamba Amos ndiye anayeonekana kweli hajalala. Hapa 1995 inashinda.

'Coming Back to You' imeimbwa na wanne: Warnes, Trisha Yearwood, Martin Gore wa Depeche Mode, na James Taylor. Albamu ya 1995 imeuweka mara mbili, Yearwood na Gore, na sijui nani alikubali hilo. Taylor ana sauti ya mtu aliyekwisha rudi na ameketi. Yearwood bado yuko njiani. Mchukue Yearwood.

Nimebaki na Warnes, na hapa hesabu inabadilika. Yeye hashindi wimbo hata mmoja kwa mshtuko. Anashinda kwa sababu unasikia kila neno. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hilo si jambo dogo: nyimbo za Cohen ni mashairi, na shairi lisilosikika ni kelele tu. Roscoe Beck, aliyetayarisha naye, alikuwa mpigaji wa besi wa Cohen katika ziara ya 1979, kwa hiyo wote wawili walizijua nyimbo hizi kwa kuzibeba mgongoni. Tena mbili kati yake, 'First We Take Manhattan' na 'Ain't No Cure for Love', zilisikika kwa Warnes kabla Cohen hajazitoa mwenyewe 1988. Gitaa la Stevie Ray Vaughan linaikata ile ya kwanza kama kisu kikali kwenye nanasi. Na 'Joan of Arc' ni mazungumzo kati ya Joan, yule msichana shujaa wa Ufaransa aliyechomwa, na moto unaomla: Warnes ni Joan, na moto ni Cohen mwenyewe, aliyekuja studio kuimba sehemu yake. Ni majibizano hasa, ya namna ambayo mashabiki wa taarab wangeyatunza noti. Hakuna albamu nyingine kati ya hizi nne ambamo anayeenziwa anaitikia.

Dosari yake ni umri. Vinanda vya umeme na dramu vya 1986 vinajitangaza, na aliyelelewa kwenye sauti za leo atatabasamu. Kwa usafi wa rekodi, hata hivyo, wauza spika waliitumia kwa miaka mingi kuonyeshea mali zao. Ukiwa na spika nzuri au hata visikizi vya kueleweka, utajua kwa nini. Ukiipata ya 2007, ina nyongeza za nyimbo. Usiilipie zaidi kwa sababu hiyo tu.

Na 'Here It Is'? Ninaipenda kwa sehemu mbili hasa. Iggy Pop, ambaye wengi wanamjua kwa kuvua shati na kupiga kelele, anaimba 'You Want It Darker', wimbo ambao Cohen aliutoa wiki chache kabla ya kufa Novemba 2016. Sauti ya Iggy sasa imezama chini kabisa, na mzee mmoja anasema ya mzee mwenzake bila kuigiza. Halafu Mavis Staples, aliyezaliwa 1939 na kukulia katika nyimbo za injili za familia yake, anachukua 'If It Be Your Will', ambayo ni dua. Jann Arden alikuwa ameshauimba vizuri 1995. Staples anauomba. Vilevile kuna mbili zisizo na maneno, 'Avalanche' ya Wilkins na 'Bird on the Wire' ya Frisell. Kumuenzi mtu wa maneno kwa kuondoa maneno ni ujasiri wa aina yake. Ile ya Frisell inafaulu kwa sababu ukishaujua wimbo, gitaa linakusemea.

Kwa hiyo nilimwandikia binamu hivi. Kama hujawahi kumsikiliza Cohen na unataka kuelewa anasema nini, anza na Warnes, maandishi ya nyimbo yakiwa mkononi. Kama unataka kitu cha kuweka sebuleni wageni wakija, na mama mkwe yupo, weka 'Here It Is'. Kama utachukua moja tu maishani, chukua 'I'm Your Fan', uvumilie vurugu, ufike mwisho kwa Cale. 'Tower of Song' usiinunue nzima. Chukua Sting, Vega, Amos na Yearwood, wengine waache. Siku hizi hakuna anayekulazimisha kubeba santuri nzima kwa ajili ya nyimbo nne. Na utakapofika, mrudie mwenyewe, yule wa risala.

Kwa ubishi wake, alianza na Bono. Saa nne usiku ujumbe ukaingia: "Kaka, hii ndiyo uliyosema niruke?" Nikamwambia aende wimbo wa mwisho wa albamu ya 1991. Kimya wiki nzima. Jana amenitafuta tena, safari hii hakumtaja Cohen hata kidogo. Anataka kujua 'Exile' ya Oryema anaipata wapi.